Kinasacho na Kifyatuacho: Uhakiki wa Istilahi za Vipande Vidogo vya Springi

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri wetu huzipita mbio ni zile za vipande vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi. Neno springi lenyewe limekwisha kuzoeleka gereji na mashuleni, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba kila kilicho jirani yake kimekwisha kupata jina. Sivyo hata kidogo. Springi peke yake haifanyi kazi. Husukuma kitu, na kitu hicho ndicho hushika, huachia, huzuia au hufyatuka. Kwa kitu hicho Kiswahili cha vitabu vyetu vya ufundi hakina msimamo. Mara kinaitwa kizuizi, mara kishikizo, mara pini, mara springi tu, kana kwamba msukumaji na msukumwaji ni mmoja.

Ili kulipima jambo hili tumechagua mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji: maelekezo ya Kimarekani ya kuunga bunduki nyumbani. Bunduki yenyewe ni ile ya aina ya AR-15, iliyobuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Haki za kuiunda zilinunuliwa na kampuni ya Colt mwaka 1959, na ndugu yake wa kijeshi akajulikana duniani kote kwa jina la M16. Huko Marekani sheria ya shirikisho inamruhusu raia asiyekatazwa kumiliki silaha aunde bunduki kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti yao. Kwa hiyo wako watu wengi wanaonunua vipuri kwa posta, wakaviunga juu ya meza ya jikoni kama vile sisi tuungavyo baiskeli iliyoletwa ndani ya boksi.

Kwetu Tanzania jambo hilo halipo. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haimruhusu mtu kuunda silaha pasipo leseni, nasi hatuandiki ili kumfundisha yeyote kuunda. Twalichukua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maandishi yanayohusu silaha hayana budi kusomeka kwa Kiswahili mbele ya hakimu, na hakimu hawezi kuamua kesi kwa neno lenye maana tatu. Ya pili ni kwamba vipande hivi haviko katika bunduki peke yake. Vimo katika giaboksi ya lori, katika kitasa cha mlango na katika kalamu ya kubonyeza. Bunduki ni kipimo kizuri tu kwa kuwa ndani yake vipande vya namna hii vimekaa karibu karibu, kila kimoja na kazi yake, na anayekosea kukiita atakosea kukiweka.

Hebu tuvitazame. Bunduki hiyo ina nusu mbili, ya juu na ya chini, nazo huunganishwa kwa pini mbili. Pini ya mbele ndiyo bawaba: bunduki inapofunguliwa, nusu ya juu huinuka ikizungukia hapo. Pini ya nyuma ndiyo ivutwayo kando mwenyewe anapotaka kuifungua aisafishe. Kila pini ina mfuo ubavuni, na ndani ya mfuo huo hukaa ncha ya kipande kidogo cha chuma ambacho unene wake haufiki milimita 3, na urefu wake ni kama wa punje ya mchele. Nyuma ya kipande hicho iko springi nyembamba inayokisukuma daima. Kazi yake ni kuishika pini isiteleze yenyewe wala isitoke yote. Lakini mkono ukiisukuma pini kwa nguvu ya kutosha, kipande hurudi nyuma na kuiacha isogee. Kipande cha tatu cha jinsi hiyo hukishika kile kitenzo cha usalama kinachogeuzwa kwa kidole gumba: kila kigeuzwapo husikika mlio mdogo, maana yake ncha imeingia katika kishimo chake na haitaki kutoka mpaka ishurutishwe.

Cha nne hufanana nao kwa umbo lakini si kwa kazi. Ni pini fupi inayosimama wima juu ya springi yake, mbele ya bomba la nyuma, na kukizuia kitu kizito kilichomo ndani ya bomba hilo kisichomoke bunduki inapofunguliwa. Hiki hakiingii katika mfuo wa chochote. Kinasimama njiani tu, kama mlinzi mlangoni.

Kiingereza huviita vile vitatu vya kwanza kwa neno "detent", na hiki cha nne hukiita kwa neno lingine kabisa. Wafasiri wetu, kwa kadiri tulivyoona katika maandishi ya ufundi wa magari na mashine ambamo vipande ndugu zao hutokea, huviweka vyote chini ya neno kizuizi. Twaona hilo ni kosa. Kizuizi huzuia: maji, watu, gari barabarani. Kinachozuia hakikubali kupitwa mpaka kiondolewe. Kipande kinachoikalia pini si hivyo. Kinaishika kwa masharti, na kwa nguvu ya wastani kinakubali kushindwa, kisha hurudi mahali pake bila kuharibika. Hiyo ndiyo hekima yake yote. Ukikiita kizuizi umemwambia fundi kwamba pini haitoki mpaka kizuizi kitolewe, naye atakitafutia koleo akitoe. Bali kile cha nne, mlinzi wa mlangoni, ndicho kizuizi hasa, na jina hilo lingemfaa sana kama lisingekuwa limegawiwa ovyo kwa wenziwe. Tena kwa watumishi wa serikali wa umri mkubwa neno hili lina mwangwi mwingine, maana sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini haikusahaulika upesi.

Mfasiri mwangalifu anaweza kusema: basi na tufuate asili ya neno. Hapo kuna mtego mkubwa zaidi. "Detent" ya Kiingereza imetoka katika Kifaransa "détente", nalo hutokana na kitenzi chenye maana ya kulegeza au kuachia kilichokazwa. Mafundi saa wa Uingereza walilichukua katika karne ya 17 kwa kipande kinachoachia saa ipige kengele. Lakini kwa kuwa sikio la Kiingereza lilisikia ndani yake mwangwi wa neno la Kilatini lenye maana ya kuzuia na kushika, maana ikahama ikawa kinyume chake, yaani kishikacho. Kifaransa hakikuhama. Mpaka leo kwa Kifaransa "détente" ya bunduki ni kile kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke, na katika siasa ya miaka ya 1970 neno lilo hilo lilitumika duniani kote kwa kulegea kwa uhasama baina ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili aliyeko Bujumbura au Lubumbashi, ambaye kamusi iliyo mezani pake ni ya Kifaransa, atalikuta neno hili na kuandika kifyatulio. Na mwenziwe wa Dodoma, kwa kamusi ya Kiingereza, ataandika kizuizi. Wote wawili watakuwa wameifuata kamusi kwa uaminifu. Mmoja atakuwa amekipa kipande kinachoishika bunduki isifunguke jina la kile kinachoitoa risasi.

Ndiyo maana twashauri asili ya kigeni iachwe kando, tuiulize lugha yetu yenyewe imeuona namna gani mvuto wa springi. Jibu lake ni tajiri kuliko tulivyotarajia.

Kabla ya neno springi kulikuwapo kamani. Kwa Kiajemi kaman ni upinde. Kwa Kihindi na Kiurdu kamani ni springi. Nasi wa pwani tukalipokea neno kwa njia ya bahari, pamoja na saa na vitasa. Fikra iliyomo ni nzuri: upinde ndio springi ya kwanza aliyoijua binadamu. Neno hili lingali katika kamusi, ila katika vinywa vya watu aghalabu limebaki kwa mafundi saa wazee, na saa zenyewe siku hizi huendeshwa na betri. Hatudai lirudishwe kwa nguvu mahali pa springi. Neno lililokwisha kuenea halifukuzwi kwa waraka. Twasema tu kwamba mwalimu wa ufundi anayelitaja kamani darasani hapotezi wakati.

La pili ni mtambo. Vijana wetu wakisikia mtambo hufikiri kiwanda cha saruji au umeme wa Kidatu. Lakini Madan, katika kamusi yake ya mwaka 1903, na Johnson baada yake katika kamusi ya mwaka 1939, walieleza mtambo kuwa ni kitu chenye springi au kinachokwenda kwa nguvu kama ya springi, na wakautaja mtambo wa bunduki. Hilo halishangazi. Gumegume lilipofika pwani, maajabu yake hayakuwa mtutu, kwani bomba ni bomba. Maajabu yalikuwa ile kamani nene iliyolirusha jiwe likatoa cheche. Mtambo ulikuwa jina la nguvu iliyofungwa ikingoja kufunguliwa. Maana ilipanuka, ikakua, ikalihama kabisa shina lake, na leo haiwezekani kuandika mtambo kwa kipande kama punje ya mchele bila kuchekwa. Hapa twasikitika kidogo. Lugha ilikuwa na neno moja zuri kwa jambo moja maalumu, nasi tukalitumia kwa kila mashine iliyoshushwa bandarini.

Utajiri mkubwa zaidi hauko katika majina. Uko katika vitenzi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kauli ya kutendua, nayo kazi yake ni kukirudisha nyuma kitendo kilichokwisha kutendwa. Funga, fungua, ziba, zibua. Sasa tuangalie vitenzi vya mvuto na mbano. Tega, tegua: mtego hutegwa, bomu hutegwa na kuteguliwa. Nasa, nasua: ndege hunaswa na urimbo, akanasuliwa. Na hiki ambacho wengi hatukifikirii: fyata, fyatua. Mbwa hufyata mkia baina ya miguu. Mtu mwenye busara hufyata ulimi. Kufyata ni kubana kitu ambacho kikiachwa kitajitokeza chenyewe. Kufyatua ni kukiachia kilichofyatwa. Ndiyo sababu risasi hufyatuliwa, mtego hufyatuliwa, na tofali nalo hufyatuliwa kutoka katika kalibu lake, jambo ambalo wageni wanaojifunza lugha huliona kichekesho na kumbe lina mantiki kamili: udongo ulibanwa, sasa unaachiwa.

Basi lugha imekwisha kutupangia meza. Kifyatulio kimekwisha kukubalika kwa kile kivutwacho kwa kidole. Upande wa pili, wa kushika, ndio ulio mtupu. Wa kwanza kufikiriwa ungekuwa kifyatio, kutokana na fyata, nasi tulivutwa nao kwa muda. Tuliuacha kwa sababu ya sikio. Kifyatio na kifyatulio hutofautiana kwa silabi moja, na katika kelele za karakana, au katika ushahidi unaoandikwa mahakamani kwa mkono, silabi moja hupotea kwa urahisi. Istilahi mbili zenye kazi kinyume hazifai kuwa pacha wa sauti.

Twapendekeza kinasio. Kimeundwa kwa kanuni ile ile ya kifyatulio, yaani kitu cha kunasia. Kitenzi chake kinajulikana na kila mtoto aliyewahi kutega ndege. Na kinyume chake, kunasua, kiko tayari kwa tendo la kuishinda springi. Pini imenaswa, pini imenasuliwa. Wako watakaosema kwamba kunasa kumekwisha kuchukuliwa na kinasa sauti. Tumelifikiria. Kinasa sauti hutajwa daima na sauti yake, na umbo lake halina kiambishi cha kutendea, hatuoni mgongano. Wengine, hasa mafundi vitasa, watasema kwamba liko neno ulimi: ulimi wa kitasa husukumwa na springi, huingia katika tundu la mwimo, hurudi nyuma mlango ukivutwa. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Ulimi ni neno la watu. Halikutungwa na kamati yoyote. Kwa kitasa twataka lidumu. Lakini ulimi hutokeza nje na huonekana, kumbe kipande chetu hujificha ndani ya chuma na hakionekani mpaka siku ya kuungwa au ya kupotea. Na ulimi katika mashine una kazi nyingine nyingi, hata mizani ina ulimi. Tukilichagua tutalazimika kuongeza maneno mawili baada yake kila mara.

Mafundi wa giaboksi wao wana njia yao. Katika giaboksi nyingi kazi ya kunasa hufanywa na gololi inayosukumwa na springi ikaingia katika kishimo cha fito ya kubadilishia gia. Ndiyo ile dereva huihisi mkononi gia inapoingia. Wao husema gololi na springi yake, basi. Hawahitaji istilahi kwa sababu kitu kina umbo linalojitaja. Pale ambapo kinasio ni gololi, mwandishi asione haya kuandika gololi.

Jina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kitenzi kinachoamrisha, na hapa ndipo hatari ilipo, si kwa lugha tu bali kwa macho ya mtu. Kile kinasio cha pini ya mbele kina sifa mbaya kati ya waungaji wa Kimarekani. Springi yake imelala katika tundu linaloelekea mbele, na hakuna kinachokizuia kutoka isipokuwa pini yenyewe, ambayo ndiyo kwanza inataka kuingizwa. Kikiteleza, huruka kama risasi ndogo na kupotea upande wa pili wa chumba. Wako wanaofanya kazi hiyo mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ili kikifyatuka kibaki mfukoni. Wenye busara huvaa miwani ya kinga. Na wauza vipuri wamegundua soko zuri la vinasio na springi za akiba. Jambo hili latuhusu kwa kuwa maelekezo ya Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kifupi chenye maana ya kukibana chini, na kitenzi hicho wafasiri wetu hukigeuza bila kusita kuwa bonyeza.

Bonyeza kizuizi, ingiza pini. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, na ni mbaya sana. Kubonyeza, kwa mazoea ya leo, ni kubonyeza kengele, swichi, kitufe cha simu: unagusa, unaachia. Hakuna msomaji wa Kiswahili atakayebonyeza akaendelea kushikilia bila kuambiwa. Atabonyeza, ataachia, atainama kuokota pini, na kipande kitakuwa kimekwisha kumfikia usoni. Tungeandika hivi: kisukume kinasio ndani hadi kilingane na mdomo wa tundu, kishikilie hapo hapo, na usikiachie mpaka pini iwe imekifunika. Ni maneno mengi zaidi. Ufupi wa Kiingereza hapa unategemea kwamba msomaji ana kitu mkononi na picha pembeni. Mfasiri asiyeijua kazi anadhani amefanikiwa kwa kuwa sentensi yake ina urefu sawa na ile ya asili, nasi tumewaona walimu wakiwapongeza wanafunzi kwa ulinganifu wa namna hiyo.

Liko jambo jingine dogo ambalo hutatiza mno, nalo ni kile kiunganishi cha a-unganifu. Ndani ya bunduki hiyo mna pini chache ambazo si vipande vigumu vya chuma. Ni bati la chuma-pua au feleji lililoviringishwa likaacha ufa kwa urefu wake wote. Pini ya namna hii hupigwa nyundo iingie katika tundu jembamba kuliko yenyewe. Hubanwa, na kwa kutaka kutanuka hukaa imara. Springi ni pini yenyewe. Ukiandika pini ya springi, msomaji ana haki ya kuelewa mambo matatu: pini iliyo springi, pini yenye springi nyuma yake, na pini ya kuishika springi. Zote tatu zimo katika bunduki moja, na zote tatu zimo katika lori. Hapa kitenzi fyata kinapata kazi yake hatimaye: pini mfyato, yaani pini inayokaa kwa kufyatwa. Ya pili iitwe pini yenye springi, kwa urefu wake wote, bila uvivu. Ya tatu ni pini ya kushikia springi. A-unganifu ni mtumishi mwema katika mazungumzo, lakini katika istilahi za ufundi aangaliwe kama karani anayetia sahihi kila karatasi pasipo kuisoma.

Bolti nayo ni ndugu wa tatizo hilo hilo. Kwa fundi wetu bolti ni ile yenye nati. Kwa bunduki ni kile kipande kinachoifunga nyuma ya risasi, na Kiingereza kilikiita hivyo kwa kukifananisha na komeo la mlango. Kiswahili kina komeo. Tusiseme zaidi.

Tumeliacha la sheria hadi hapa kwa kuwa ndilo gumu, na kwa kuwa hatuna jibu lake kamili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu kuwa bunduki si silaha nzima tu, bali pia ule mwili ambao vipande vingine vyote hufungwa ndani yake. Huo ndio wenye namba, na huo ndio unaouzwa kwa masharti ya bunduki. Kanuni za zamani ziliueleza kuwa ni sehemu inayohifadhi nyundo, komeo na utaratibu wa kufyatulia. Ufafanuzi huo ulitosha kwa bunduki za kale. Katika AR-15 haukutosha, kwa sababu nyundo na kifyatulio viko katika nusu ya chini na komeo liko katika nusu ya juu. Kwa herufi za kanuni, hakuna nusu iliyokuwa bunduki. Kwa miaka mingi serikali iliihesabu nusu ya chini hata hivyo, na baadhi ya washtakiwa walijitetea kwa neno lilivyoandikwa. Mwaka 2022 kanuni iliandikwa upya, ikagusa pia vifurushi vya vipuri ambavyo havijakamilika, na mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliidhinisha kanuni hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Mabishano ya miaka mingi, kesi juu ya kesi, na kiini chake ni maana ya jina la kipuri kimoja.

Sasa tugeukie kwetu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa dhidi ya uundaji na uuzaji haramu wa silaha, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2005, huvitaja kwa majina vipande ambavyo nchi hupaswa kuvidhibiti: mtutu, mwili wa bunduki, komeo, na vingine vilivyo muhimu kwa utendaji wake. Nchi za ukanda wetu zilitia sahihi itifaki yao wenyewe jijini Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Vinasio na springi havikutajwa kwa majina katika orodha ile ya mwaka 2001, na haielekei kwamba mtu atashtakiwa kwa kukutwa na springi ya urefu wa kidole. Ila mfasiri akitumia neno moja, tuseme kishikizo, mara kwa mwili wa bunduki unaoshika vyote na mara kwa punje inayoishika pini, atakuwa ameifanya sheria imkamate asiyehusika au imwachie anayehusika. Magobori ya kienyeji yamekuwa yakitajwa katika taarifa za uwindaji haramu kwa miaka mingi. Mwendesha mashtaka anayeleta mahakamani mfuko wa vipande vya chuma anahitaji kuwa na jina moja kwa kila kipande, na jina hilo liwe lile lile katika hati ya mashtaka, katika ushahidi wa mtaalamu wa silaha na katika hukumu.

Kwa mwili huo wa bunduki tumekwisha kuona neno kipokezi likijaribiwa, tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Twalipinga. Kipokezi kwa msomaji wetu ni cha simu au cha redio, na hakuna mwanafunzi atakayebashiri kwamba kinapokea mtutu. Fremu hueleweka, lakini huleta akilini picha ukutani na baiskeli. Kiunzi kina uzito unaofaa, na tungelichagua leo kama tusingejua kwamba maseremala na wajenzi wanalitumia kwa mambo yao. Gamba limependekezwa kwetu na mwalimu mmoja wa ufundi, kwa hoja kwamba vitu vyote hukaa ndani yake kama kobe. Tuna shaka nalo, kwa kuwa gamba huvuliwa, na huu mwili ndio usiovuliwa. Twaomba wanasheria wanaoendelea na kazi ya kuzifasiri sheria za silaha wasiitie kipokezi katika muswada wowote kabla suala hili halijaletwa mbele ya kamati ya istilahi, na watuletee pamoja nalo sentensi nzima za sheria wanazozifasiri, si orodha ya maneno matupu.